Makatibu, anayesoma hana pa kukuuliza

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha makatibu na waweka hazina wa vikundi vya mtaani kwetu hapa Morogoro. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu ya misiba na mashamba, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyotoka.

Mwenyekiti, asante. Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Akina mama, vijana, makatibu wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeitwa niongee kuhusu uandishi na najua mtu akisikia uandishi anawaza vitabu na magazeti. Hapana. Mimi leo naongelea meseji ya msiba. Naongelea daftari la kikoba, tangazo la kikao, karatasi ya dawa, jina la mtoto kwenye cheti. Hivi ndo vitu tunavyoandika kila siku, na nyie mlioko hapa mnaandika kuliko watu wengi mjini, yaani asubuhi mchango, mchana mgonjwa, jioni marejesho, usiku msiba, na wanaosoma ni watu hamsini, kila mmoja kwa wakati wake, mwingine yuko kwenye daladala, mwingine jikoni, mwingine kaamshwa usingizini na mlio wa simu.

Naomba niliseme hili mapema. Sijaja kumcheka mtu. Sina ugomvi na anayeandika "ndo", maana ndo tunavyoongea. Sina ugomvi hata na "cjui" na "2taonana", zile zilikuwa na sababu yake, meseji ya kawaida ina nafasi ya herufi 160 tu na ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili, watu wakabana maneno ili waokoe salio. Hiyo naielewa kabisa. Ila "xaxa" ina herufi nne na "sasa" ina herufi nne, sasa hapo umeokoa nini? Anyway, hata hiyo tuiache. Ugomvi wangu uko sehemu moja tu, pale ambapo aliyeandika kafanya uzembe alafu anayelipa ni aliyesoma. Hapo ndo sinyamazi.

Ndugu zangu, Kiswahili chetu ukitaka kuuliza swali la ndiyo au hapana hubadilishi neno hata moja. Amefika. Amefika? Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule, kinachobadilika ni sauti, sauti inapanda mwishoni na mwenzio anajua kaulizwa. Sasa kwenye meseji sauti iko wapi? Kwenye daftari sauti iko wapi? Yote imebaki kwenye kale kaalama kadogo ka kuuliza. Ukikaacha, umeondoka na sauti yako umemwachia mwenzio maneno matupu akisie.

Kuna kikundi kimoja, sikitaji, mweka hazina alimwandikia mwanachama wake: "Umelipa hisa za mwezi huu". Akatuma hivyohivyo, hakuna nukta, hakuna alama, hakuna hata "je" pale mwanzoni. Yeye alikuwa anauliza. Yule mama alikuwa kampa mdogo wake hela apeleke, aliposoma akasema alhamdulillahi, dogo kafikisha. Akajibu "Asante". Mweka hazina kusoma "Asante" akaona huyu ananidharau, nimemuuliza swali la maana ananijibu asante! Na hela wakati wote huo iko mfukoni kwa dogo, anasubiri mwisho wa wiki. Ukafika mwisho wa mwezi, faini, maneno, kikao kikavunjika, na wanawake wawili waliosoma darasa moja tangu la kwanza wakawa wanapishana sokoni bila salamu. Nani alikosea hapo? Yule mama alikosea nini? Alisoma kilichoandikwa. Alisoma kilichoandikwa, jamani!

Na mkato je? Mkato watu wanaudharau kuliko alama zote, wanaona ni urembo wa walimu. Nisikilizeni kwa makini hii.

Sisi huku mtu akizaa anaitwa kwa jina la mtoto. Mama Neema, Baba Juma, Mama Asha. Kuna kijana alimpeleka dada yake hospitali usiku, dada anaitwa Neema. Daktari kasema alazwe. Kijana kachanganyikiwa, kaingia kwenye grupu la familia kumwandikia mama yake, kaandika: "Mama Neema kalazwa wodi namba 3 mje na shuka". Mnaona kilichotokea? Mama yake ndo Mama Neema! Ukoo mzima unamwita hivyo. Kwa hiyo watu thelathini kwenye lile grupu wamesoma kwamba mama mtu kalazwa. Shangazi yuko Dodoma, hakulala, alfajiri kapanda basi. Wajomba wamepiga simu, wameanza kuchangishana. Na mwenyewe Mama Neema simu yake ilikuwa imezima chaji, yuko nyumbani hana habari, anafagia uwanja, anamwona shangazi anaingia getini analia. Huku Neema, mgonjwa mwenyewe, kalala usiku kucha bila shuka, maana kila mtu alikuwa anamhangaikia mtu ambaye haumwi.

"Mama, Neema kalazwa." "Mama Neema kalazwa." Someni zote mbili kwa sauti mkifika nyumbani. Mdomo unaweka kituo wenyewe baada ya "Mama", huhitaji kufundishwa. Mkono ndo unasahau. Mkono unasahau kwa sababu kichwani mwako wewe uliyeandika ile sauti unaisikia, unajua ulichomaanisha, huoni kabisa kama kuna maana nyingine. Ndo maana mtu haoni kosa lake mwenyewe, sio mjinga, ila anajisikia mwenyewe. Dawa yake ni ndogo, isome kama vile wewe ni shangazi wa Dodoma. Wewe hujui kitu, umeshtuliwa usingizini, unasoma nini hapo?

Sasa twende kwenye pesa, maana naona waweka hazina wameanza kukaa vizuri.

Kila kikundi hapa kina katiba. Nimepitia za vikundi kadhaa na karibu zote zina sentensi ya mfano huu: "Mwanachama akifiwa na mzazi, mtoto au ndugu anayeishi naye atapewa shilingi laki 3." Inaonekana safi eeh? Haya. Mwanachama wako baba yake kafia Songea. Hawakuwa wanaishi pamoja, mzee alikuwa kwake kijijini. Anapewa hapewi? Wewe unasema anapewa, "anayeishi naye" ni kwa ndugu tu, mzazi ni mzazi hata akiwa mwezini. Mwenzio anasema hapana, "anayeishi naye" inawahusu wote watatu, ndo katiba inavyosema. Na wote wawili mna haki! Kiswahili kinaruhusu zote mbili. Na huu ubishi mtaufanya lini? Mtaufanya maiti haijazikwa, mwenzenu anasubiri nauli. Hebu fikirieni hapo.

Na msidhani ni mambo ya vikundi vidogo. Kule Marekani jimbo la Maine kulikuwa na sheria ya malipo ya ovataimu, ikataja kazi ambazo mfanyakazi hadai ovataimu, kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi na nyingine, kote huko mikato imepangwa vizuri, alafu mwishoni ikasema "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza" vyakula vinavyoharibika. Pale kabla ya "au" hapakuwa na mkato. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, hawafungashi chochote, wao wanasambaza tu, wakaenda mahakamani. Wakasema, someni wenyewe, iliyotajwa hapa ni kufungasha, iwe kufungasha kwa kusafirisha au kufungasha kwa kusambaza, kusambaza kwenyewe hakujatajwa, sisi tulipwe ovataimu yetu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema sheria hii kweli haieleweki, na pasipoeleweka tunamwangalia mfanyakazi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 kesi iishe. Dola milioni 5! Na wabunge wa Maine wakairudia ile sentensi wakaitenganisha upya.

Nyie hamna haja ya kusubiri mahakama. Ivunjeni hiyo sentensi yenu. Mstari wa kwanza: akifiwa na mzazi. Mstari wa pili: akifiwa na mtoto. Mstari wa tatu: akifiwa na ndugu anayeishi naye. Imeisha, hakuna wa kubishana. Karatasi ni ya bei rahisi, andikeni marefu.

Hapohapo kwenye pesa niguse namba. Tarehe 8 Desemba 2005, pale Tokyo, mfanyakazi wa kampuni ya hisa ya Mizuho aliambiwa auze hisa 1 kwa yeni 610,000. Akaandika auze hisa 610,000 kwa yeni 1. Namba zote mbili ziko sahihi, zimekaa tu sehemu isiyo yake. Kompyuta ikamuonya, onyo likapitwa. Kampuni ikapoteza zaidi ya yeni bilioni 40. Sisi huku tunapotuma hela kwenye simu, linakuja jina la mpokeaji kabla hujabonyeza kukubali. Wangapi tunalisoma? Semeni ukweli. Mkono umeshabonyeza jicho halijafika.

Na kwenye dawa namba inaua. Nisameheni kusema hivyo ila ndo ilivyo. Nusu miligramu ukiiandika nukta alafu tano, bila sifuri mbele, ile nukta ni kidoa tu, kalamu ikikosa wino au karatasi ikikunjwa inapotea, na msomaji anaona 5, mara kumi ya dozi. Ukiandika 5.0 ukijiona umekamilisha, nukta ikipotea inakuwa 50, mara kumi tena. Ndo maana Marekani shirika linalokagua hospitali, Joint Commission, mwaka 2004 lilitoa orodha ya maandishi yaliyokatazwa, na haya mawili yamo. Sifuri mbele weka, sifuri nyuma ondoa. 0.5. 5. Basi.

Huku kwetu unapewa kibahasha cha dawa kimeandikwa 1x3, au 2x3. Wengi tunajua, namba ya mbele ni vidonge, ya nyuma ni mara ngapi kwa siku. Lakini bibi yako anajua? Aliyeishia darasa la pili anajua? Mbona "kidonge 1, asubuhi, mchana na usiku" inaenea vizuri kwenye kile kibahasha? Kama kuna wahudumu wa dawa hapa, mimi nawaomba kwa heshima zote, andikeni maneno. Na nyie wengine, dawa za mzee zikifika nyumbani chukueni kalamu mwandike wenyewe.

Saa. Jamani saa! "Kikao ni saa 8:00 msichelewe." Simu yako inasoma 8:00 asubuhi, mdomo wako ukisema saa nane ni mchana. Nusu ya watu wamekuja asubuhi wameondoka wamenuna, nusu wamekuja mchana wamekuta viti vimekunjwa. Na hapo hakuna aliyechelewa. Saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza na hilo ni jambo letu zuri tusiliache, ila mwandikie mtu "saa 8 mchana", neno moja tu la ziada.

Na "kesho". Hii inaniuma sana, maana tunasumbua watu wengi. "Kesho hakutakuwa na maji mtaa mzima." Kesho ya lini? Meseji inafowadiwa, inazunguka magrupu, wiki tatu zimepita kuna mama bado anajaza ndoo usiku na mgongo unamuuma. Matangazo ya chanjo hivyohivyo, ya michango hivyohivyo. Mtu yuko Muscat au London anasoma "mazishi kesho saa 10" anahesabu kwa saa za kwake. Weka siku, weka tarehe, weka mwezi. Zamani watu walituma telegramu posta, wanalipia kila neno, na bado tarehe haikukosekana. Leo maneno bure, tarehe inakosekana.

Kuhusu herufi nipite haraka, R na L. Anayetoka sehemu ambayo R na L ni moja sio kosa lake, ni lugha ya mama yake, na akiongea tunamwelewa. Ila kwenye kuandika angalieni maneno ambayo yanageuka jambo lingine. Kura na kula. Karamu na kalamu. Mahari na mahali. Mshenga akiandika "mahali bado hatujakubaliana" upande wa pili wataelewa ukumbi ndo bado, kumbe ng'ombe wako nusu. Ukiwa na wasiwasi na neno muulize mtu mmoja kabla hujatuma. Na ng'ombe naye ana kale kakoma ka juu, msikaache. Na simu inayobadilisha "hata" kuwa neno la kizungu, izimeni hiyo sehemu. Kuna anayesema basi nitatuma voisi, sawa, tuma, lakini voisi ya dakika sita hakuna anayeitafuta baada ya mwezi akitaka kujua tulikubaliana shilingi ngapi.

La mwisho ni majina, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Wales, mji wa Cardiff, kulikuwa na kampuni inaitwa Taylor & Sons. Mwaka 2009 ofisi ya serikali ya Uingereza inayosajili makampuni ilitakiwa kuandika kwamba kampuni nyingine kabisa, Taylor & Son, bila S mwishoni, imeamriwa kufungwa na mahakama. Ikaiandika ile yenye S. Walirekebisha baada ya siku chache, lakini taarifa ilikuwa imeshasambaa, wauzaji wakakataa kuwakopesha mali, benki ikasita, na kampuni ikaanguka kweli, watu zaidi ya 250 wakakosa kazi. Mwaka 2015 mahakama kuu ikasema ile ofisi inawajibika. Miaka sita baadaye! Herufi moja.

Hiyo ni kampuni, ilikuwa na mawakili. Mtoto wetu ana nani?

Kuna binti namfahamu, anaitwa Rukia. Kadi ya kliniki imeandikwa Rukia. Shule ya msingi mtu akamsikia akaandika Rukiya, hakumuuliza, alikuwa na foleni. Sekondari wakafuata ya shule ya msingi, cheti cha kidato cha nne kikatoka Rukiya. Cheti cha kuzaliwa wakafuata kadi, kikatoka Rukia. Na jina la babu yake kwenye kimoja ni Mohamedi, kingine Mohamed. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mmoja kaandika anavyoona sawa. Sasa binti kafaulu, anataka kuomba mkopo wa chuo, anataka kitambulisho cha taifa, anaambiwa wewe ni watu wawili. Kwa wakili akaape, alipie. Muhuri, alipie. Nauli ya kurudi shule aliyosoma, alipie. Fotokopi, alipie. Kila dirisha analoenda anaambiwa njoo Jumatatu. Mama yake ni muuza mihogo. Yule aliyeongeza Y yuko wapi? Hayupo kwenye hii foleni. Hatakuwepo kabisa kwenye hii foleni.

Inanikera kwa sababu swali la kumwokoa lilikuwa fupi mno: "Linaandikwaje?" Mtu akija kujiandikisha kwenye kikundi chako muulize, linaandikwaje? Mwombe kitambulisho, nakili herufi kwa herufi, alafu mgeuzie daftari asome mwenyewe. Kama hajui kusoma aje na mwanae. Wanachama wenu wanaweka hela humo, na siku mwenye hela akifa, mjane atakuja na cheti cha ndoa, na jina la daftarini lisipofanana na la kwenye cheti mtamwambia nini?

Ndo maana kwenye barua ya mwaliko niliomba kila katibu aje na daftari la wanachama, na kila mwanachama aliyeko hapa aje na kitambulisho. Mwenyekiti amekubali tutumie saa nzima kabla ya chai. Kikundi kimoja kimoja mje meza ya mbele, katibu anasoma jina kwa sauti, mwenye jina anaangalia kitambulisho chake, penye kosa mnakata kwa mstari mmoja, mnaandika sahihi pembeni, wote wawili mnasaini na tarehe ya leo. Tunaanza na nyie wa nyuma pale karibu na mlango, leteni na kalamu.